Shajara ya mradi: karata za wapagazi wa Ugogo

11 Machi

Nimekata shauri. Nitachora pakiti nzima ya karata, 52 na jokari mbili, ya kukumbuka Vita Kuu ya Kwanza ilivyopita hapa kwetu Dodoma, na nataka iwe mikononi mwa watu kabla ya Siku ya Mashujaa, 25 Julai.

Wazo hili ninalo tangu msiba wa Kigwe mwaka jana. Usiku wa matanga vijana walikuwa wanacheza karata chini ya turubai, na hatua nne kutoka kwao bibi yangu alikuwa anawahadithia wazee wenzake habari za Mtunya. Hakuna kijana aliyegeuza shingo. Sikuwalaumu, mchezo ulikuwa umekolea. Nikawaza tu kwamba kama habari hizi haziwaingii kwa sikio, basi ziwe kwenye kile walichokishika.

Mtunya ni jina la Kigogo la njaa iliyoimaliza Ugogo mwishoni mwa vita ile. Maana yake ni kunyang'anyana. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Waingereza wakaja, nao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Kisha mvua ikakata. Katika watu wapatao 150,000 inakadiriwa walikufa 30,000. Mmoja katika kila watano.

14 Machi

Kabla ya kushika penseli nimeshughulika na majina. Karata, turufu, kopa, shupaza, uru, pau: yote haya ni maneno tuliyoachiwa na Wareno huko pwani. Kwao kopa ni vikombe, uru ni dhahabu, pau ni fimbo, na shupaza ni panga. Huku bara wengi wetu tukiiona shupaza tunaona jembe, na jembe ndivyo tunavyoiita.

Siku mbili sikufanya kingine ila kuliwaza hilo, maana limenigawia pakiti bila mimi kulazimisha. Pau, yaani fimbo, ziwe za wapagazi. Uru ziwe za reli na fedha. Kopa, vikombe, ziwe za waliobaki nyumbani na vibuyu vitupu. Shupaza nitaigawa kila karata nusu kwa nusu. Ukiishika hivi unaona upanga, tukio la mapigano. Ukiigeuza unaona jembe, shamba la mtama lililolala siku hiyohiyo bila mtu wa kulipalilia.

22 Machi

Uru zimekwenda haraka. Ree ya uru, yaani karata ya A, ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, wakati Wajerumani wamefungiwa njia ya bahari na fedha haziingii. Upande mmoja ina tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo ameinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu yake ilichimbwa Sekenke, hapo Iramba, Singida. Nilipogundua kwamba ilitoka jirani tu nilisimama nikazunguka chumba.

Na tembo sisi tunaye kwenye jina la mji wetu. Wazee husema Dodoma ni Idodomya, mahali alipozama. Kwa hiyo nimemchora tembo yuleyule wa sarafu, lakini magoti yake yamezama kwenye tope.

Kuanzia 2 hadi 10 nimeweka vituo vya reli ya kati kwa mpangilio wa safari, mashariki kwenda magharibi: Gulwe, Msagali, Igandu, Kikombo, Dodoma, Kigwe, Bahi, Kintinku, Saranda. Dodoma imeangukia kwenye 6, katikati kabisa, na sikupanga iwe hivyo. Reli ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Anayecheza uru zake kwa kufuatana anasafiri.

3 Aprili

Wiki hii nimeshinda kwenye pau, na ndani ya pau nimeshinda kwenye hesabu moja.

Kwa nini watu wengi vile walibebeshwa mizigo? Mbung'o. Farasi, nyumbu na maksai walikufa kwa maradhi ya ndorobo na mengineyo, barabara hazikuwapo, na mvua ya masika ikiteremka magari yanakwama. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mtu. Sasa mtu huyo mpe mzigo wa kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe anakula karibu kilo moja kwa siku. Akienda siku 12 na kurudi siku 12, unga karibu wote ameumaliza yeye, na askari hakufikishiwa ila kilo moja hivi. Ndiyo maana kila jeshi liliposogea mbele lilihitaji wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na wengine wa kuwalisha hao. Waingereza peke yao, kwa hesabu zao wenyewe, walipoteza wapagazi zaidi ya 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara, homa, baridi ya mvua na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea.

Nimeichora hesabu hiyo. Pau ya 10 ina mtu aliyebeba mfuko uliojaa. Pau ya 9 ni mtu yuleyule, mfuko umepungua kidogo. Unashuka hadi pau ya 2: anatembea bado, mfuko umelala begani kama kitambaa.

Hapo hapo nikapata jokari. Moja ni mbung'o. Nyingine ni nyuki wa Tanga, waliowavamia wanajeshi wakati wa mapigano ya Novemba 1914 na ambao watu bado wanawasimulia. Wadudu hawa wawili hawakuwa na upande, na jokari haina upande.

10 Aprili

Nimefika kwenye karata za picha, na hapa nitaandika kirefu.

Kwa Kiswahili cha pwani karata ya picha inaitwa mzungu. Jina hilo lina umri mkubwa kuliko vita hii na halina uhusiano nayo. Ila ukikaa kuchora karata za vita ya 1914 hadi 1918 kwenye ardhi ya Tanganyika, neno linakuongoza mkono. Picha 12, weka wazungu 12: von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani, Smuts na van Deventer wa upande wa Waingereza, na wengine. Sura zao zipo, picha zao zipo, nguo zao zinajulikana hadi kifungo.

Mwenzangu tunayechangia ofisi alinishauri hivyo kwa nia njema. "Kaka, usipoweka majenerali nani atajua ni vita gani?" Nilimjibu kwamba majenerali watakuwa kwenye kikaratasi cha maelezo ndani ya pakiti, kwa majina na tarehe zao, na kitu hakitafichwa. Lakini aliyeketi kwenye kiti cha mfalme katika pakiti hii ni mpagazi. Mfalme wa pau, wa uru, wa kopa, wa shupaza, wote wanne wapagazi. Malkia wote wanne ni wanawake wa Ugogo. Jeki wote wanne ni askari, wawili wa jeshi la Wajerumani wakiwa na kofia zenye kitambaa cha kufunika shingo, wawili wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza. Waafrika hawa walielekezeana bunduki, na kwenye karata wataonana vilevile wakipangwa.

Kuna ile methali ya tembo wawili na nyasi. Watu watatu wameshaniambia niiandike kwenye boksi. Sitaiandika. Nyasi haina mama wala mtoto anayeisubiri kwenye tembe.

Wafaransa tangu zamani huandika majina kwenye karata zao za picha. Mfalme wao wa shupaza ni David, wa kopa Charles, wa uru César, wa pau Alexandre. Nilitaka kufanya hivyo hivyo, nikaanza kutafuta majina ya wapagazi wa Ugogo. Badala yake nikaisoma ripoti iliyotolewa Aprili 2021 na tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita. Tume yenyewe imekiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo chini ya kila mfalme nimechora mstari mtupu wa kuandikia, wenye urefu wa sentimita nne. Mwenye pakiti akiwa na jina la mzee wa ukoo wake, aliandike.

12 Aprili

Fupi. Nimeamua kutotumia picha za kamera za wakati ule. Nimeziangalia nyingi, hasa za Walther Dobbertin zilizohifadhiwa Ujerumani, na zimenifundisha mikao: shingo inavyosimama chini ya mzigo, mkono mmoja juu na mwingine umeshika fimbo. Lakini mtu aliyepigwa picha bila kuulizwa jina, siwezi kumchapa tena bila jina. Nachora kwa mkono, wino juu ya karatasi, halafu ndipo naingiza kwenye kompyuta.

28 Aprili

Nilikwenda Kondoa kwa ajili ya shupaza. Ni saa chache tu kwa lami. Jeshi la van Deventer liliingia pale Aprili 1916 likitokea kaskazini, na likakwama hapo miezi kwa sababu ya masika. Farasi waliendelea kufa nyuma yao njia nzima. Usiku wa 9 Mei von Lettow-Vorbeck alishambulia, akasukumwa nyuma. Wajerumani walikuwa na mizinga ya meli yao Königsberg, iliyozamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, kisha ikasambazwa nchini. Mzinga wa baharini ukapiga Kondoa! Ndiyo ree ya shupaza.

Nilikaa chini ya mti juu ya mji nikachora vilima. Palikuwa kimya, isipokuwa mama mmoja anapalilia. Nilimwamkia, akanikaribisha maji. Nilipomweleza ninachofanya aliegemea jembe akaniuliza kama wale farasi kweli walikufa wote. Nikamwambia wengi sana. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye tuta lake. Mgongo wake ndio ulio kwenye nusu ya chini ya ree ile.

Mwishoni mwa Julai mwaka uleule jeshi hilo lilishuka hadi Dodoma na kuikata reli. Hilo ni shupaza ya 7.

16 Mei

Sampuli ya kwanza imetoka, na imenivunja moyo kwa siku moja.

Karata ni milimita 63 kwa 88. Ukiongeza milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatia, unapata 69 kwa 94. Kwenye karatasi ya 320 kwa 450 zinaingia tatu kwa sita, yaani 18. Karatasi tatu zinatoa 54, pakiti kamili bila kubakiza hata moja. Nilifurahia hesabu hiyo kupita kiasi.

Tatizo lilikuwa mgongo. Nilichora mapambo ya shanga yenye fremu nyeupe kuzunguka, na pale nilipochapisha upande wa nyuma ulihama karibu milimita mbili. Kwenye kadi ya mwaliko usingejali. Kwenye karata ni kosa la kuua mchezo, maana fremu ikiwa nene kushoto kwa karata hii na nyembamba kwa ile, mchezaji mwenye macho ataijua ree kabla haijafunuliwa. Juu ya hayo, karatasi ya gramu 300 waliyoniwekea inapitisha mwanga. Niliinua kopa ya 8 dirishani nikahesabu kopa zote kwa nyuma.

Nimerekebisha mambo mawili. Fremu nimeiondoa, mapambo sasa yanamwagika hadi ukingoni, hivyo yakihama hakuna ajuaye. Na nimepata karatasi ya karata hasa, ile yenye tabaka jeusi katikati la kuzuia mwanga. Ni ghali zaidi na lazima iagizwe Dar es Salaam. Iwe hivyo.

25 Mei

Majaribio kijiweni Majengo, pakiti mbili za sampuli, lasti kadi, saa tisa alasiri hadi magharibi. Upepo wa Dodoma ulikuwa kazini. Kila aliyetupa karata aliifuatilizia kijiwe kidogo juu yake, na vumbi likaingia kwenye kila kitu. Karata zangu zenye mng'ao zilishikana baada ya mizunguko mitatu. Basi mng'ao hapana, nitatumia laminesheni ya kufifia, isiyong'aa.

Makosa mengine waliyonionyesha ni ya kwangu. Pembeni nilikuwa nimeandika M kwa mpagazi, B kwa bibi na A kwa askari. A ya askari ikagongana na A ya ree, na katika mzunguko wa kwanza tu ugomvi ulitokea. Nimerudisha K, Q na J. Watu wanacheza kwa kutazama pembe tu ya karata, mkono umeifunga kama feni, na herufi ile lazima isomeke kabla ya wazo lolote la mchoraji. Nimeikuza pia.

Kisha likatokea lile nililolisubiri. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mzaliwa wa Tanga, alifunua mfalme wa kopa akasita.

"Mzungu wa nne huyu mbona kabeba mzigo?"

"Ni mpagazi, mzee."

Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza. Wafalme wangu wana vichwa viwili kama karata zote za picha, ila vichwa havilingani: juu mtu anaondoka na mzigo, chini mtu yuleyule anarudi bila kitu, amekonda. Mzee aliitazama juu, akaitazama chini, akaitazama tena juu. Wenzake walianza kumhimiza atupe.

"Subirini," alisema. "Nasoma."

7 Juni

Mstari wa jina. Biki haiandiki kabisa juu ya plastiki, inateleza. Penseli inaacha kivuli kinachofutika kwa kidole. Nimejaribu kalamu sita za madukani. Makapeni ya wino wa kudumu, yenye ncha nyembamba, inashika vizuri kwenye laminesheni ya kufifia ukiiacha dakika mbili ikauke. Nililowesha karata usiku kucha kwenye bakuli, asubuhi wino upo. Kwenye kikaratasi cha maelezo nimeongeza sentensi moja kuhusu kalamu ya kutumia.

Kuna aliyeniuliza kama kuandika hakutaifanya karata itambulike. Maandishi yako usoni, mgongo haubadiliki. Mchezo uko salama.

20 Juni

Kigwe, kwa bibi.

"Mbukwa, bibi." Aliitikia, akaninyooshea kigoda. Nilimpa kopa kwanza. Malkia wa kopa ameketi mlangoni pa tembe na kinu kimelala ubavu. Bibi alisema kinu hakilazwi hivyo hata wakati wa njaa, kinafunikwa, mdomo chini. Mama yake ndivyo alivyomwambia: kinu kilifunikwa ili watoto wasichungulie ndani. Nimekirekebisha palepale kwa penseli juu ya sampuli, naye akisimamia kidole changu.

Baba yake alichukuliwa upagazi. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba alichukuliwa mara mbili, kwanza na Wajerumani, na aliporudi, kabla hajamaliza kuezeka upya, na Waingereza. Mara ya pili alirudi na kikohozi kisichomwacha hadi anakufa, na kaka yake hakurudi. Bibi alisema ukoo haukuwahi kuambiwa alizikwa wapi. Waliitenga tu siku ya kumlilia.

Nilimwekea mfalme wa pau mapajani, nikamweleza mstari ule ni wa nini. Bibi hajui kuandika. Alinitajia jina la yule kaka, taratibu, silabi kwa silabi, akanirudisha nilipokosea, kwa sababu mimi nilikuwa nimelizoea kwa matamshi ya Kiswahili. Nimeliandika kama alivyolitamka. Jina lenyewe nitaliacha kwenye karata, ni la ukoo.

Akauliza: "Na baba yangu?"

Nikamwambia wafalme wako wanne. Akachagua uru, kwa ajili ya 7 ya Kigwe.

9 Julai

Pakiti 200 zimefika kwa basi, maboksi mawili. Nimekagua 20 moja baada ya nyingine. Migongo imekaa sawa, mwanga haupiti, kona zimekatwa vizuri isipokuwa pakiti mbili ambazo kisu kiliacha unyuzi kwenye jokari ya nyuki. Nimezitenga hizo mbili kwa matumizi ya nyumbani.

Pakiti 30 zinakwenda kijiweni Majengo na Kigwe bila malipo. Yule mzee wa reli alikwishanipigia simu mara mbili. Anataka mbili, moja ya kuchezea na moja ya kuandikia, na ameniuliza kama makapeni ninayo au anunue yake.